Malaria Imepatikana, Lakini Moyo Unavuma

Mashine inayohesabu chembe za damu haina maneno mengi. Huchapa nambari, na pembeni mwa nambari iliyoshuka kuliko ilivyotarajiwa huweka herufi L. Katika maabara za Migori na Homa Bay herufi hiyo hutokea mara kwa mara mkabala na hesabu ya chembe nyeupe, na mara nyingi hupitwa tu. Lakini ikiwa karatasi hiyo ni ya mgonjwa mwenye homa ya wiki kadhaa, na daktari akaweka stethoskopu kifuani akasikia mvumo katikati ya mapigo ya moyo, basi mambo matatu yamekutana kwa mtu mmoja. Hapo ndipo utabibu unapoanza kuwa mgumu.

Tuseme mgonjwa huyo ni mama wa miaka 33 kutoka upande wa Awendo, kwenye mashamba ya miwa. Nimembuni, ila hana dalili hata moja iliyo ngeni katika wodi za kanda ya Ziwa Viktoria. Homa ilimwanza wiki tatu zilizopita. Alikwenda kwa kemisti akapewa dawa ya malaria; homa ikatulia siku mbili, ikarudi. Akaenda tena, akaongezewa vidonge vya antibiotiki na sindano moja. Sasa amefikishwa hospitalini kwa bodaboda, amechoka, ndani ya kope zake pamepauka. Kipimo cha haraka kinasema ana malaria. Chembe nyeupe ni 3,100 katika kila mikrolita ya damu, ilhali karatasi inasema zisipungue 4,000. Moyo unavuma. "Mama, ni malaria tu hiyo, utapata nafuu," ndiyo kauli iliyo karibu zaidi na ulimi wa tabibu. Huenda ni kweli. Huenda pia kauli hiyo ikamuua.

Katika kaunti za Migori na Homa Bay ugonjwa hauji peke yake. Mtu mmoja anaweza kuwa na vimelea vya malaria, virusi vya Ukimwi na vali ya moyo iliyoharibika tangu utotoni, vyote kwa pamoja. Kwa hiyo kosa linalotendeka zaidi si la kutojua magonjwa. Wauguzi na matabibu wa huku wanayajua vizuri. Kosa ni kufunga faili mara tu kipimo cha kwanza kinapoonyesha jibu.

Hata hivyo, ni haki kuanza na malaria. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2015 ulikuta vimelea katika asilimia 27 ya watoto wa kanda ya ziwa. Mwaka 2020 asilimia hiyo ilikuwa imeshuka hadi 19, huku wastani wa nchi nzima ukiwa 6. Kupulizia dawa kwenye kuta za nyumba kulirejea Migori mwaka 2017, kukaingia Homa Bay mwaka uliofuata. Na Kenya ilipozindua chanjo ya malaria tarehe 13 Septemba 2019, sherehe ilifanyika Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay. Eneo hilo halikuchaguliwa kwa bahati nasibu.

Isitoshe, malaria peke yake inaweza kueleza mambo yote matatu. Homa ni yake. Vimelea hupasua chembe nyekundu, damu ikapungua, na moyo wa mtu aliyepungukiwa damu huvuma. Chembe nyeupe nazo hushuka, pamoja na zile chembe sahani zinazogandisha damu. Tabibu anayesema "ni malaria" hajakosea hesabu.

Shida ni kipimo chenyewe. Kile kijiti cha haraka hutafuta protini inayotolewa na kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya kimelea kufa. Mama wetu alikwishameza dawa. Kijiti kinaweza kuwa kinasoma malaria ya wiki mbili zilizopita. Zaidi ya hayo, watu waliokulia kando ya ziwa huweza kuwa na vimelea wachache mwilini bila kuugua kabisa, kwa hiyo kuwakuta katika damu hakumaanishi kwamba ndio walioleta homa. Tone la damu likitazamwa kwa hadubini, vimelea wakahesabiwa, jibu huwa na uzito zaidi. Na homa inayoendelea siku tatu baada ya dozi kamili ya dawa iliyo sawa ni lazima itafutiwe chanzo kingine.

Kuna jambo jingine ambalo madaktari wa watoto wa magharibi mwa Kenya wamelishuhudia kwa miaka mingi: malaria hufungulia bakteria mlango. Aina za salmonela zisizo za homa ya matumbo, ambazo kwa watu wengi huishia kwenye tumbo la kuhara, hapa huingia kwenye damu ya watoto waliodhoofishwa na malaria na upungufu wa damu, na ya watu wazima wenye virusi vya Ukimwi ambao hawajatibiwa. Mtoto wa namna hiyo kipimo chake cha malaria ni cha kweli, na bado dawa ya malaria pekee haitamwokoa.

Sasa turudi kwenye ile herufi L, maana hapa pana jambo ambalo lingepaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila maabara. Mipaka ya kawaida inayochapwa na mashine nyingi, yaani 4,000 hadi 11,000, ilipatikana kwa kupima hasa watu wa Ulaya na Marekani. Watafiti walipopima watu wazima wenye afya huko Kericho, na baadaye kandokando ya Kisumu, walikuta kwamba mpaka wa chini wa Wakenya hawa uko chini ya ule wa vitabuni. Kwa mipaka ya vitabuni, maelfu ya watu wenye afya kamili wangeambiwa damu yao ina kasoro.

Sababu iko kwenye urithi. Karibu kila mtu wa magharibi mwa Kenya amezaliwa bila alama fulani iitwayo Duffy juu ya chembe zake nyekundu. Alama hiyo ndiyo mlango anaoutumia kimelea wa malaria aina ya vivaksi, na ndiyo maana aina hiyo ni adimu sana kwetu. Mwaka 2009 wanasayansi walithibitisha kwamba badiliko hilo hilo la urithi hufanya chembe nyeupe aina ya nutrofili ziwe chache kwenye mishipa. Kinga ya mtu huyo haina hitilafu. Chembe zake zikihitajika hupatikana. Kwa hiyo nutrofili 1,300 kwa mtu wa Rongo au Mbita inaweza kuwa ndiyo hali yake tangu kuzaliwa. Zikiwa chini ya 500 na ana homa, hiyo ni dharura, awe wa kabila lolote: damu ichukuliwe na antibiotiki ya mshipa ianze papo hapo, maswali yafuate baadaye.

Basi swali la kwanza kuhusu chembe nyeupe liwe hili: zilikuwa ngapi zamani? Wagonjwa wa huku hutunza madaftari ya kliniki, yale ya shule yenye kurasa zilizokunjamana, na mara nyingi jibu limo humo. Mama aliyekuwa na 3,200 alipokuwa mjamzito miaka minne iliyopita, akiwa mzima, hajapungukiwa na kitu. Aliyekuwa na 7,000 amepungukiwa na zaidi ya nusu. Inasikitisha kwamba swali hili lisilogharimu hata senti ndilo linaloulizwa kwa nadra.

Swali la pili ni dawa anazotumia. Septrin, ambayo watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi wameimeza kila siku kwa miaka, inaweza kushusha chembe nyeupe. AZT, iliyokuwa nguzo ya matibabu ya awali ya Ukimwi, hushusha nyeupe na nyekundu kwa pamoja, hivyo yenyewe ikaleta herufi L na mvumo wa moyo. Mtoto wa selimundu anayepewa haidroksiyurea, dawa nzuri inayopunguza maumivu yake, naye chembe zake hushuka dozi ikizidi. Na moyo wake, kwa upungufu wa damu wa siku zote, huwa unavuma tangu mwanzo. Kisha kuna mgonjwa wa tezi ya shingo. Tezi inayofanya kazi kupita kiasi huufanya moyo upige mbio hadi ukavuma, na kabimazoli, dawa yake, mara chache humaliza nutrofili kabisa. Mtu huyo akipata homa na koo kuuma, dawa isimamishwe siku hiyo hiyo na damu ipimwe. Wagonjwa wengi hawataji dawa hizi kwa sababu hawazihesabu kuwa dawa. Kwao ni sehemu ya chakula cha asubuhi.

Kuhusu mvumo, Laënnec alipotengeneza stethoskopu ya kwanza kule Paris mwaka 1816 aliwapa madaktari sikio, lakini sikio halisemi chanzo. Mvumo ni sauti ya damu inayokwenda kwa msukosuko. Mto Kuja hunyamaza unapopita taratibu bondeni, na huunguruma maji yanapokwenda kasi au yanapokutana na mwamba. Ndani ya moyo pia sababu ni hizo mbili: damu inakwenda kasi mno, au kuna kitu njiani.

Damu huenda kasi kwa mtu mwenye homa, mjamzito, mwenye tezi kali, na zaidi ya wote aliyepungukiwa damu. Himoglobini ikiwa 5, moyo hulazimika kusukuma damu nyepesi mara nyingi zaidi ili mwili upate hewa yake. Mvumo wa namna hii huwa laini, husikika moyo unapojibana, na hauambatani na mtetemo unaohisiwa kwa kiganja. Mgonjwa akiongezwa damu na homa ikashuka, mvumo nao hupotea. Kwa hiyo kusikiliza upya baada ya siku tatu au nne ni kipimo halali kabisa, tena cha bure.

Mvumo unaosikika moyo unapolegea, kati ya pigo la pili na la kwanza linalofuata, ni habari nyingine. Huo hausingiziwi homa wala upungufu wa damu. Chukulia kwamba vali imeharibika mpaka ithibitike vinginevyo. Vivyo hivyo mvumo ambao jana haukuwapo na leo upo, au uliokuwa laini sasa ni mkali. Na pana mkwaruzo, sauti ya ngozi mbili zilizovimba zikisuguana, inayotoka kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Anayesikiliza haraka huuita mvumo. Katika kanda hii mkwaruzo huo unapaswa kumkumbusha daktari kifua kikuu kabla ya jambo jingine lolote.

Vali nyingi zilizoharibika Afrika Mashariki ziliharibiwa na homa ya rumatiki. Mtoto huumwa koo kwa sababu ya bakteria aina ya streptokoka, koo likapona, kisha baada ya wiki mbili au tatu mwili ulioamka kupigana ukavishambulia viungo vyake wenyewe: magoti na vifundo vikavimba kwa zamu, na vali za moyo zikajeruhiwa. Vigezo alivyoviweka daktari Jones wa Marekani mwaka 1944, vilivyorekebishwa mara kadhaa hadi 2015, bado ndivyo vinavyotumika kuitambua. Kinga yake ni sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Ila shambulio la homa ya rumatiki kwa kawaida hupandisha chembe nyeupe. Likikutwa na chembe zilizoshuka, ama hiyo ndiyo hali ya mgonjwa tangu kuzaliwa, ama kuna jambo la pili.

Jambo la pili linalotisha zaidi ni bakteria kujenga kambi juu ya vali, ugonjwa uitwao endokaditisi. Vali yenye kovu la rumatiki ni mahali pazuri pa wao kushikilia. Dalili zake hazipigi kelele: homa ya jioni, jasho la usiku, mwili kukonda, hamu ya chakula kupotea. Anayeijua huomba mikono ya mgonjwa. Hutazama chini ya kucha akitafuta mistari myembamba ya damu, hutazama ncha za vidole kama kuna vijipu vinavyouma, hufunua kope za chini kutafuta nukta nyekundu, hupapasa bandama, hupima mkojo kama una damu. Kijana aliyepooza upande mmoja ghafla huku ana homa na mvumo anapaswa kufikiriwa hivyo hivyo, maana kipande cha kambi hiyo hung'oka kikaenda ubongoni.

Kuithibitisha kunahitaji vitu viwili. Kimoja ni picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ile inayoitwa eko. Kingine ni kuotesha damu. Vigezo vya Duke, vilivyotolewa mwaka 1994 na kufanyiwa mapitio ya karibuni mwaka 2023, vimejengwa juu ya hivyo viwili. Damu hutolewa mara tatu kutoka sehemu tofauti za mwili, kabla ya antibiotiki yoyote. Hapo ndipo mama wetu wa Awendo alipopoteza bahati yake: vidonge na sindano ya kemisti havikuua bakteria wote waliojificha kwenye vali, lakini vilitosha kuwafanya wasiote kwenye chupa ya maabara. Jibu likirudi "hakuna kilichoota," huenda linasimulia habari za ile sindano tu.

Mimi sioni tabia inayoharibu zaidi uchunguzi wa homa ndefu katika kanda hii kuliko hiyo ya kutoa antibiotiki kabla ya kuotesha damu. Sindano ya seftriaksoni imekuwa salamu ya kila homa, dukani na hata katika vituo vya afya. Tiba ya endokaditisi ni dawa ya mshipa wiki nne hadi sita, iliyochaguliwa kwa kujua bakteria ni yupi. Sindano moja haitibu. Inazima taa wakati watu wangali wanatafuta.

Endokaditisi ya kawaida hupandisha chembe nyeupe. Ile inayozishusha, au kuziacha palepale, humfanya daktari awaze bakteria wanaokua polepole, na hapa Migori ina habari yake. Upande wa Kuria, kuelekea Kehancha na Isebania, ng'ombe ni mali na maziwa mabichi ni chakula. Brusela hutoka kwa mnyama kupitia maziwa hayo, au kwa mikono iliyomsaidia ng'ombe aliyetupa mimba. Huleta homa inayokwenda na kurudi, maumivu ya mgongo na viungo, na chembe nyeupe chache. Mara chache, kwa wagonjwa wasiofika wawili katika kila mia, hukalia vali, na hao ndio wengi wa wanaokufa kwa ugonjwa huo. Homa iitwayo Q, inayotoka kwa mbuzi na kondoo waliozaa, huweza kufanya vivyo hivyo kimyakimya kwa miezi.

Lakini hapa pia jibu la kwanza hudanganya. Kwa miaka mingi vituo vyetu vilitumia kipimo rahisi cha brusela cha kuchanganya tone la damu na dawa ya rangi. Watafiti waliokifuatilia huko Busia walichapisha matokeo mwaka 2017: kipimo hicho kilimwona na brusela takriban mgonjwa mmoja wa homa kati ya watano, ilhali kipimo cha kuaminika zaidi kiliona mmoja hivi kati ya mia. Hesabu ni watu wangapi walimeza dawa kali za wiki sita kwa ugonjwa wasiokuwa nao, huku ule waliokuwa nao ukiendelea. Kipimo cha Widal cha homa ya matumbo nacho hakina sifa bora, ingawa homa ya matumbo yenyewe ni mshukiwa halali: hushusha chembe nyeupe, na mapigo ya moyo huenda taratibu kuliko joto la mwili linavyotaka. Nayo huthibitishwa kwa kuotesha damu.

Virusi vya Ukimwi nimeviacha mpaka hapa si kwa sababu ni vya mwisho. Kila mgonjwa wa aina hii apimwe siku ya kwanza, hata kama alipimwa mwaka jana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wanaishi na virusi hivyo, kiwango cha juu kuliko kaunti zote, na Migori asilimia 13, wakati taifa lilikuwa 4.9. Homa Bay imeubeba mzigo huu muda mrefu. Shirika la madaktari wasio na mipaka, MSF, lilifika huko mwaka 1996, na mwaka 2001 likaanza kutoa dawa za ARV bila malipo katika hospitali ya umma ya Homa Bay, wakati ambapo vijijini watu wengi waliokonda bado walisemwa wamepatwa na chira, yaani laana ya kuvunja mwiko.

Virusi vyenyewe hushusha chembe nyeupe. Lakini kwa mtu ambaye kinga yake imeporomoka, mshukiwa mkuu wa homa ni kifua kikuu kilichosambaa mwilini, kikaingia hadi kwenye uboho wa mifupa ambako damu hutengenezwa. Chembe zote hushuka pamoja: nyeupe, nyekundu na sahani. Mgonjwa huyo mara nyingi hakohoi, na makohozi ya kupima hana. Homa Bay ilichangia hapa somo ambalo limetumika mbali: utafiti uliofanyika huko na kuchapishwa 2017 ulionyesha kwamba kipimo cha mkojo kiitwacho LAM, kinachotoa jibu kwa dakika 25, kikiongezwa kwenye vipimo vingine huwagundua wagonjwa wa kifua kikuu ambao wangekosekana. Mkojo kila mtu anao.

Nikiwa bado Homa Bay, siwezi kuiruka Lambwe. Bonde hilo, ambalo leo watalii huenda kuona korongo katika Hifadhi ya Taifa ya Ruma, lilikuwa makao ya mbung'o na malale. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulizuka mlipuko uliowahangaisha watu na serikali. Malale ya Afrika Mashariki hayalazi usingizi tu. Huja na homa kali, hupunguza damu na huvimbisha moyo wenyewe. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyatokomeza kama tishio la afya ya umma. Daktari kijana wa leo huenda asiyaone maishani mwake, na heri iwe hivyo. Ila anayetazama tone la damu kwa ajili ya malaria asiache kumjua kimelea wa malale kwa sura.

Kuna mshukiwa mmoja zaidi anayesahaulika kwa sababu haambukizwi na mtu, mnyama wala maji. Ni lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kumgeukia mwenyewe. Huwapata zaidi wanawake wa umri wa kuzaa, na picha yake ni ile ile ya mama wetu wa Awendo: homa, chembe nyeupe chache, upungufu wa damu. Mwaka 1924 Libman na Sacks wa New York walieleza vinundu visivyo na bakteria vinavyoota juu ya vali za wagonjwa wa aina hii, na vinundu hivyo huweza kuleta mvumo. Ukimtibu kama endokaditisi ya bakteria, homa haiendi popote. Waulize hawa wagonjwa kuhusu viungo vya vidole kukakamaa asubuhi, vidonda vya mdomoni visivyouma, nywele zinazong'oka, upele unaozidi juani, mimba zilizoharibika. Mkojo wao ukiwa na protini, figo ziko hatarini na muda ni mfupi. Kipimo cha damu cha lupasi kinasaidia, ingawa malaria na maambukizi mengine ya muda mrefu huweza kukichanganya. Ndiyo maana historia ya mgonjwa haikwepeki. Wanawake wa namna hii huzungushwa miaka kati ya "malaria sugu" na "taifodi ya damu," majina ya magonjwa ambayo kitabuni hayapo.

Bandama kubwa nayo ina kesi yake. Malaria ya miaka mingi huweza kuivimbisha hadi ikafika kitovuni, na bandama hiyo hufyonza chembe za damu za kila aina. Saratani ya damu hutoa picha inayokaribiana. Uchunguzi wa filamu ya damu kwa jicho la mtaalamu, na wakati mwingine wa uboho, ndio unaozitenganisha.

Kwa mama wa Awendo mambo yangekwendaje? Siku ya kwanza: apimwe sukari, malaria kwa hadubini, virusi vya Ukimwi, mkojo na himoglobini. Achukuliwe damu ya kuotesha mara tatu hata kama alikwishapata sindano, na maabara iambiwe kwamba bakteria wa polepole wanashukiwa ili chupa zisitupwe mapema. Apigwe picha ya kifua. Kisha daktari asikilize tena moyo, chumba kikiwa kimya, mgonjwa akiwa ameinama mbele, halafu akiwa amelalia ubavu wa kushoto. Kama mvumo ni laini na himoglobini ni 5, malaria inaweza kupewa nafasi ya siku tatu chini ya uangalizi. Kama ni mvumo wa moyo unapolegea, au kuna damu kwenye mkojo, eko isisubiri.

Eko ndiyo kikwazo. Mgonjwa anayetoka Macalder, au anayevuka maji kutoka Mfangano kwanza afike Mbita, huenda akalazimika kuendelea hadi Kisii au Kisumu kwenye hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Akihitaji vali mpya, safari ni ndefu zaidi: Tenwek kule Bomet, Eldoret au Nairobi. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ni ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, na familia ambayo haijakamilisha usajili na malipo hujikuta ikiyashughulikia hayo huku mgonjwa akihema. Mashine ndogo za eko zinazobebwa mkononi zipo sokoni, na afisa wa kliniki anaweza kufunzwa kutambua vali iliyoharibika vibaya kwa muda mfupi. Serikali za kaunti hizi mbili zingeanza hapo kabla ya kujenga jengo jingine lolote.

Kwako msomaji wa kanda ya ziwa: ukiwa na homa iliyozidi wiki moja, au iliyorudi baada ya dozi kamili ya malaria, usikubali sindano ya dukani. Nenda hospitali na daftari lako la zamani na pakiti za dawa zote unazomeza, hata zile za kila siku. Kama uliwahi kuambiwa moyo wako una sauti, sema kabla hujaulizwa. Kama unakunywa maziwa mabichi, sema. Na kabla ya antibiotiki ya kwanza kuingia mshipani, uliza kama damu ya kuotesha imeshachukuliwa.